Kibanda Ambacho Mfalme Haingii: Sam Ervin, Wakili wa Morganton

Mwishoni mwa Julai 1973, katika ukumbi mkubwa wa Seneti ya Marekani, mzee wa miaka 76 mwenye nyusi nene aliinamia kipaza sauti na kuanza kunukuu maneno yaliyosemwa katika Bunge la Uingereza zaidi ya miaka 200 nyuma. Mbele yake aliketi John Ehrlichman, mshauri wa karibu wa Rais Richard Nixon. Watu wa Ikulu walikuwa wamevunja ofisi ya daktari mmoja wa magonjwa ya akili kule California mwaka 1971, wakitafuta jalada la mgonjwa wake aliyevujisha siri za vita vya Vietnam. Ehrlichman alikuwa akieleza kwamba Rais anaweza kuruhusu jambo kama hilo, maadamu usalama wa taifa umetajwa.

Mzee akajibu kwa maneno ya William Pitt: mtu maskini kuliko wote, akiwa ndani ya kibanda chake, anaweza kuyakatalia majeshi yote ya mfalme. Kibanda kinaweza kuwa dhaifu, paa likatikisika, upepo ukapenya na mvua ikaingia, ila Mfalme wa Uingereza hawezi kuingia. Kisha akaongeza la kwake: hapa tunaambiwa kwamba jambo asiloliweza Mfalme wa Uingereza, Rais wa Marekani analiweza.

Mzee huyo alikuwa Sam Ervin, seneta wa jimbo la North Carolina, aliyependa kujitambulisha kama wakili tu wa kijijini. Mamilioni walimtazama kwenye televisheni wakampenda. Vijana waliokuwa wakiandamana kupinga vita walivaa fulana zenye sura yake. Lakini Wamarekani weusi wa Kusini walikuwa wakimjua tangu 1954, na walimjua kwa jambo jingine kabisa. Kwa karibu miaka 20 kila mswada wa haki za raia ulioingia Seneti ulimkuta mtu huyohuyo mlangoni, Katiba ileile mkononi, akiupinga.

Watu wengi hulifumbua fumbo hili kwa haraka. Wengine husema alikuwa mnafiki, wengine kwamba alikuwa mbaguzi aliyebadilika uzeeni. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo. Ukifuata kazi yake tangu mwanzo unamkuta mtu mmoja aliyeamini jambo moja maisha yake yote. Shida iko katika mahali alipojifunzia jambo hilo, na katika watu ambao mahali hapo hapakuwahesabu.

Mji wenye mahakama katikati

Morganton ni mji mdogo wa kaunti ya Burke, chini ya milima ya Blue Ridge. Ervin alizaliwa hapo tarehe 27 Septemba 1896, mtoto wa wakili. Alisoma Chuo Kikuu cha North Carolina, akaenda Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa mara mbili na kurudi na nishani za ushujaa. Alipata leseni ya uwakili mwaka 1919 kabla hata hajamaliza shule ya sheria, kisha akaenda Harvard na kusoma kwa mpangilio ambao sijapata kuusikia kwa mtu mwingine: alianza na masomo ya mwaka wa tatu, akafuata ya mwaka wa pili, akamalizia na ya mwaka wa kwanza. Alikuwa akimchumbia Margaret Bell na aliogopa kuchukuliwa na mwingine, kwa hiyo hakutaka kujifunga kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa wakati. Wakaoana mwaka 1924.

Alirudi nyumbani kufanya kazi ofisi moja na baba yake. Wakili wa mji kama ule hachagui kesi. Leo ni mpaka wa shamba, kesho mirathi ya ndugu wasiosalimiana, keshokutwa mtu kachoma kisu mwenzake kwenye ulevi. Anamjua shahidi, anamjua mama wa mshtakiwa, na wale watu 12 walioitwa kuamua kesi kesho atakutana nao kanisani. Huko ndiko Ervin alikojifunza ufundi uliomfanya maarufu baadaye: kuuliza swali gumu kwa upole, kusimulia kisa mahali ambapo mwingine angegombana, kumwacha shahidi ajifunge kwa maneno yake mwenyewe. Huko pia alijifunza kuiogopa serikali ya mbali. Kwa macho ya Morganton, haki ilikaa kwa watu wanaofahamiana, na hatari ilitoka kwa mkubwa aliye mbali asiyemjua mtu yeyote kwa jina.

Hatua zake za kisiasa zilianzia hapo. Aliingia bunge la jimbo katika miaka ya 1920, na mwaka 1925 alisimama kupinga mswada wa kukataza shule kufundisha nadharia ya mageuko ya viumbe. Mtu aliyelelewa katika dini, tena katika jimbo lenye wacha Mungu wengi, akisema serikali haina kazi ya kumpangia mwalimu mawazo! Baadaye akawa jaji wa kaunti, kisha jaji wa mahakama ya juu zaidi ya jimbo kuanzia 1948.

Lakini mahakama ya Morganton ilikuwa na upande mwingine. Mwaka 1927 mwanamume mweusi aliyetuhumiwa kumuua msichana mzungu alitangazwa kuwa nje ya ulinzi wa sheria. Sheria ya North Carolina iliruhusu tamko hilo: mtu wa namna hiyo akikataa kujisalimisha, raia yeyote aliweza kumuua bila kushtakiwa. Walimsaka milimani, wakampiga risasi, wakaileta maiti mjini na kuilaza kwenye uwanja wa mahakama, watu kwa maelfu wakaja kuiangalia. Ni mahakama ileile ambayo Ervin aliingia kila wiki na mafaili yake kwapani.

Nalitaja tukio hili kwa sababu bila hilo hatuwezi kumwelewa. Kwa Mmarekani mweusi wa Burke, mkubwa wa kuogopwa hakukaa Washington. Alikaa mjini, alikuwa na ofisi katika jengo la kaunti, na mara nyingi alikuwa akimwita kwa jina lake la kwanza.

Jinsi kiti kilivyopatikana

Tarehe 12 Mei 1954 Seneta Clyde Hoey wa North Carolina alifariki. Siku tano baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu ya Brown, iliyosema shule za kutenganisha watoto kwa rangi zinavunja Katiba. Katika nchi ile, kwa kawaida gavana wa jimbo ndiye hujaza kiti cha seneta aliyefariki mpaka uchaguzi ufanyike, na tarehe 5 Juni Gavana William Umstead akamteua Ervin. Aliteuliwa, kwa maneno mengine, wiki zisizofika tatu baada ya Kusini nzima kuambiwa kwamba utaratibu wake wa maisha ni batili.

Ni muhimu kueleza utaratibu wa Seneti ya wakati ule, kwa sababu umebeba nusu ya kisa. Kusini ilikuwa chini ya chama kimoja, Democratic. Aliyeshinda kura za mchujo ndani ya chama alikuwa ameshinda uchaguzi, na Wamarekani weusi wengi hawakuruhusiwa kupiga kura hizo wala nyingine. Seneta wa Kusini alikaa kitini miaka na miaka bila mpinzani wa maana. Na uenyekiti wa kamati ulitolewa kwa aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake wa chama. Ndiyo maana watu wa majimbo yaliyowanyima weusi kura ndio waliozishika kamati kubwa. Ervin mwenyewe alichaguliwa tena mwaka 1956, 1962 na 1968.

Miezi miwili baada ya kufika alipewa kazi iliyowakimbiza wengi: kukaa kwenye kamati ya watu sita ya kuchunguza mwenendo wa Joseph McCarthy, seneta aliyeitia nchi hofu kwa kumwita kila mtu mkomunisti. Wakati huo maseneta wakongwe walikuwa bado wanamwogopa. Ervin akasema wazi mbele ya Seneti kwamba mtu huyo anapaswa kulaaniwa, na tarehe 2 Desemba 1954 McCarthy akalaaniwa kwa kura 67 dhidi ya 22.

Mwaka na miezi mitatu baadaye, Machi 1956, alikuwa miongoni mwa walioandika tamko la wabunge wa Kusini la kuipinga hukumu ya Brown. Maseneta 19 walilitia saini.

Katiba kama silaha ya kujikinga

Maseneta wengine wa Kusini walitukana. Ervin hakutukana. Alisimama na vitabu na kusema kwamba hana neno na mtu mweusi, neno lake ni juu ya mipaka ya madaraka. Elimu ni jambo la majimbo, uchaguzi ni jambo la majimbo, na mwenye hoteli anayo haki ya kuchagua wageni wake. Kwa hoja hizo alipinga sheria za haki za raia za 1957, 1960 na 1964, na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Heshima hiyo ya lugha ndiyo iliyomfanya awe hatari kuliko watukanaji. Aliwapa wenzake sababu za kisomi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa 1957. Mswada wa mwaka ule ulitaka majaji wa serikali kuu waweze kuwaadhibu maofisa wa Kusini wanaokaidi amri ya mahakama na kuendelea kuwazuia weusi wasipige kura. Ervin alikuwa miongoni mwa waliosimama kidete kudai kwamba mtu yeyote anayetishiwa kifungo aamuliwe kwanza na raia wenzake 12. Nani anaweza kuipinga haki ya kale kama hiyo? Seneti ikakubali marekebisho hayo kwa kura 51 dhidi ya 42.

Sasa tazama ilivyofanya kazi. Sehemu nyingi za Kusini, raia hao 12 walipatikana kutoka orodha ya wapiga kura. Weusi hawakuwa kwenye orodha, kwa hiyo hawakuwa miongoni mwa waamuzi. Mtu anayewazuia weusi kupiga kura alikuwa ahukumiwe na majirani zake weupe, ambao nguvu yao ilitokana na zuio hilohilo. Miaka miwili kabla, Septemba 1955, waamuzi 12 weupe wa Mississippi walikaa faraghani kwa muda wa saa moja hivi na kuwaachia huru waliomuua Emmett Till, mtoto wa miaka 14. Mwaka uliofuata wauaji walisimulia katika jarida jinsi walivyomuua.

Ervin aliliamini baraza la wananchi 12 kwa moyo wake wote, na sidhani kwamba alikuwa akiigiza. Alikuwa amelitazama likifanya kazi Morganton kwa miaka 30. Lakini alilitazama kutoka kwenye meza ya wakili, kisha kutoka kwenye kiti cha jaji. Hakuwahi kulitazama kutoka kizimbani akiwa na ngozi nyeusi.

Ni hivyohivyo katika kura. Sheria ya jimbo lake ilimtaka anayejiandikisha aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba ya jimbo, na msajili ndiye aliyesimamia mtihani huo. Mwanamke mweusi wa kaunti ya Northampton, Louise Lassiter, alikataa mtihani huo na kesi yake ikafika Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka 1959 mahakama ikasema mtihani wenyewe, jinsi ulivyoandikwa, hauvunji Katiba. Ervin aliitumia hukumu ile kama ngao. Jambo ambalo halikuandikwa ni jinsi msajili anavyoamua nani amefaulu.

Upande ambao mashabiki wake wa 1973 hawakuujua vizuri

Ingekuwa rahisi kama kisa kingeishia hapo, tukamweka pamoja na wabaguzi wengine. Kuanzia 1961 Ervin aliongoza kamati ndogo ya haki za kikatiba, na humo alifanya kazi ambayo mpaka leo inawalinda watu ambao hakuwahi kukutana nao.

Morganton kulikuwa na hospitali kubwa ya serikali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1964 sheria aliyoisimamia iliwapa wagonjwa wa aina hiyo katika jiji la Washington haki ya matibabu na ulinzi dhidi ya kufungiwa bila utaratibu. Mwaka 1966 ilipita sheria yake ya dhamana. Kabla yake mtu maskini aliyeshtakiwa katika mahakama za serikali kuu angeweza kusota rumande miezi kadhaa kwa kukosa pesa kidogo za dhamana, hata kama baadaye angeonekana hana hatia. Sheria ile iliwataka majaji wamwachie mshtakiwa kwa kujidhamini mwenyewe, isipokuwa kuna sababu ya kuamini atatoroka. Mwaka 1968 akasimamia sheria iliyowapa Wahindi wa Marekani, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile, kinga dhidi ya dhuluma za serikali zao za kikabila. Alipinga marekebisho ya Katiba ya kuruhusu sala shuleni, japo alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1970 alipinga polisi wa Washington kupewa ruhusa ya kuvunja mlango bila kubisha hodi.

Halafu, mwaka 1971, ukaja uchunguzi wa jeshi. Ilikuwa imefichuka kwamba wanajeshi walikuwa wakiwapeleleza raia: nani kahudhuria mkutano gani, nani kaandika nini. Waliopelelezwa walikuwa wapinga vita na wanaharakati wa haki za weusi, yaani watu ambao Ervin alikuwa amebishana nao muongo mzima. Akawatetea. Kwake, ofisa anayeweka jalada la raia asiyevunja sheria alikuwa mfalme anayechungulia kibandani.

Hapo ndipo kanuni yake inaonekana wazi. Serikali kuu ikimgusa mtu mmoja mmoja, Ervin alisimama na mtu huyo, awe tajiri au fukara, mweupe au mweusi. Lakini mtu akigongewa mlango usiku na serikali ya jimbo, au na jirani yake mwenye bunduki, kanuni hiyo ilinyamaza. Na alipokuja mtu kutoka Washington kumsaidia aliyegongewa, Ervin alimwona huyo msaidizi ndiye mvamizi.

Kwa nini yeye, 1973

Juni 1972 watu waliohusiana na kampeni ya Nixon walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Tarehe 7 Februari 1973 Seneti ilipiga kura 77 kwa 0 kuunda kamati teule ya watu saba ya kulichunguza jambo hilo. Kiongozi wa walio wengi, Mike Mansfield, alimtaka Ervin aiongoze. Alikuwa mzee, hakuwa na ndoto ya urais, alikuwa jaji wa zamani. Zaidi ya yote, wafuasi wa Nixon wasingeweza kumpachika jina la mliberali. Rekodi yake dhidi ya haki za raia ndiyo iliyomfanya aaminike kumhukumu Rais wa chama kingine. Ni jambo chungu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Watu huchanganya kazi ya kamati ile na kazi ya mahakama. Kamati ya Seneti haimfungi mtu wala haimwondoi Rais, na Marekani hakuna kura ya kutokuwa na imani na serikali. Mwendesha mashtaka maalumu, Archibald Cox, aliomba vikao vya hadhara visubirishwe visije vikaharibu kesi. Ervin akakataa: ni muhimu zaidi wananchi waujue ukweli kuliko mtu mmoja au wawili kwenda jela. Akakubali John Dean, aliyekuwa mwanasheria wa Rais, apewe kinga ili maneno yake ya kikaoni yasitumike kumshtaki, na tarehe 25 Juni Dean akatumia siku nzima kusoma maelezo ya kurasa 245. Tarehe 16 Julai msaidizi wa zamani wa Ikulu, Alexander Butterfield, akasema kwamba mazungumzo ya Rais yalirekodiwa kwenye kanda.

Nixon alikataa kutoa kanda, akidai kwamba siri za Rais zina kinga. Ervin alikuwa tayari amekwisha kuiita hoja hiyo upuuzi mtupu. Kamati ikatoa hati ya wito, ikaenda mahakamani, na huko ikashindwa. Kanda zilipatikana kupitia mwendesha mashtaka, baada ya Cox kufukuzwa kazi na baada ya Mahakama Kuu kuamua kwa kura 8 kwa 0 tarehe 24 Julai 1974. Kazi ya Ervin ilikuwa kuifanya nchi ijue kwamba kanda zipo na kwamba Rais anazificha. Tarehe 9 Agosti Nixon akajiuzulu.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1974, siku moja baada ya hukumu ya kanda, wakili mwingine alizungumza katika kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi, iliyokuwa ikijadili kama Rais ashtakiwe na kuondolewa. Barbara Jordan, mwanamke mweusi wa Houston, alianza uwakili wake kwenye meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake. Aligombea bunge la Texas mwaka 1962 na 1964 akashindwa mara zote mbili. Alishinda useneta wa jimbo mwaka 1966, baada ya mahakama kulazimisha majimbo ya uchaguzi yagawanywe upya. Usiku ule alikumbusha kwamba Katiba ilipoandikwa na kuanza na maneno "Sisi, watu", yeye hakuwa ndani ya hao watu. Aliingizwa baadaye, kwa marekebisho, kwa tafsiri na kwa hukumu za mahakama. Kisha akasema imani yake kwa Katiba ni kamili.

Ervin na Jordan walimhukumu Rais yuleyule kwa kitabu kilekile. Ervin alikipokea kama urithi kutoka kwa baba yake. Jordan alikipata kwa sababu Washington ilivunja ukuta ambao Ervin aliulinda kwa miaka 20.

Mwaka 1974 Ervin hakugombea tena. Siku yake ya mwisho Seneti ilikuwa tarehe 31 Desemba, na siku hiyohiyo Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya faragha ambayo Ervin aliipigania tangu uchunguzi wa jeshi. Inampa raia haki ya kuiandikia ofisi ya serikali kuu, kuuliza imeweka nini juu yake, na kudai makosa yasahihishwe. Sheria hiyo inazihusu ofisi za serikali kuu peke yake. Msajili wa wapiga kura wa Northampton hayumo. Ervin akarudi Morganton, akafungua tena ofisi ya uwakili, na kuishi huko mpaka alipofariki Aprili 1985.